Vyanzo Ishirini, Mdomo Mmoja

*Mhakiki wetu anajibu maswali ya wasomaji*

Swali: Shikamoo mama. Mimi naandika kwa kujitolea makala za wasifu katika kamusi elezo ya mtandaoni. Nimeandika wasifu wa mjasiriamali mmoja wa teknolojia ambaye yu hai na kampuni yake ingali inafanya kazi. Nimeweka rejea ishirini: magazeti, majarida, mahojiano ya video, tovuti ya kampuni, hata orodha moja ya vijana mashuhuri. Zote zinasema yale yale: aliasisi kampuni akiwa na miaka 19, ana shahada ya sayansi ya kompyuta, anamiliki hataza (haki za uvumbuzi) kumi na mbili, na ni tajiri wa mamilioni ya dola. Mhariri amenirudishia makala na maneno matano tu: "Hiki ni chanzo kimoja. Rudia." Nimekasirika, mama. Ishirini zinakuwaje moja?
*Mwandishi aliyerudishwa*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole kwa hasira, ila mhariri wako yuko sahihi, na siku nikikutana naye nitampa mkono.

Kwa kuwa umenitumia orodha yako nzima, nimeisoma yote. Ya kwanza kwa tarehe ni taarifa kwa vyombo vya habari iliyotolewa na kampuni yenyewe siku ilipotangaza kupata mtaji. Humo mna sentensi isemayo kwamba mwanzilishi alianza "na kompyuta ya kuazima na usingizi wa saa tatu". Sentensi hiyo, pamoja na usingizi wake, nimeikuta neno kwa neno katika rejea zako tisa zinazofuata. Kuna na zaidi. Taarifa ile ilidondosha herufi moja katika jina la mwekezaji mmoja, na magazeti yote tisa yameidondosha herufi ile ile. Mwandishi aliyempigia simu mwekezaji huyo angemwandika vizuri. Makosa yanayorithiwa namna hii nayapenda sana, maana yanaeleza kisa kizima: hakuna aliyeuliza, watu walinakili tu. Rejea saba ni mahojiano, na katika mahojiano anayesimulia maisha ya mjasiriamali ni mjasiriamali. Mbili ni tovuti ya kampuni na ukurasa wake wa LinkedIn. Ya ishirini ni ile orodha ya vijana mashuhuri, ambayo kwa maelezo yake yenyewe wahusika hujaza fomu kuhusu mafanikio yao.

Una ndoo ishirini zilizotekwa kisima kimoja. Sisemi maji ni machafu. Huenda kila neno ni kweli. Ila mpaka sasa hujahakiki chochote.

Nina mazoea ambayo vijana wa ofisini kwetu hunichekea. Makala ya wasifu naichapisha kwenye karatasi, kisha pembeni ya kila sentensi naandika kwa penseli: "Amejuaje?" Swali hilo silielekezi kwa gazeti, nalielekeza kwa mtu. Huyu aliyeandika kwamba kampuni ilianza mwaka fulani alijuaje? Alikuwapo? Aliona cheti cha usajili? Aliambiwa, na aliyemwambia ni nani? Narudi nyuma hivyo hivyo mpaka nimfikie mtu ambaye nyuma yake hakuna mwingine. Huyo ndiye chanzo. Walio kati ni wapitishaji, wawe watatu au mia tatu.

Kama unadhani nakuonea, tazama kisa cha eBay, soko la mnada la mtandaoni. Kwa miaka ilisimuliwa kwamba Pierre Omidyar aliianzisha mwaka 1995 ili mchumba wake apate watu wa kubadilishana nao vikasha vya pipi aina ya Pez alivyokuwa akikusanya. Simulizi tamu: kuna mapenzi, kuna pipi, kuna utajiri uliokuja bila kutafutwa. Magazeti yaliichapa kwa furaha. Kumbe ilitungwa mwaka 1997 na Mary Lou Song, aliyekuwa akishughulikia uhusiano wa kampuni na umma, kwa sababu waandishi hawakuvutiwa na maelezo halisi ya Omidyar kuhusu soko lililo wazi na lenye usawa kwa kila mtu. Ukweli ulitoka mwaka 2002 katika kitabu cha Adam Cohen kuhusu kampuni hiyo. Mtu aliyeandika wasifu wa Omidyar mwaka 2000 angeweza kuweka rejea hamsini za magazeti yenye heshima, zote zikiwa zimetoka katika kichwa cha ofisa mmoja. Kitu cha kwanza kuuzwa, kwa taarifa yako, kilikuwa kalamu ya leza iliyovunjika, kwa dola 14.83. Hakikufaa kuwekwa kwenye tangazo.

Sasa utafanyaje? Anza kwa kuzipanga rejea kwa tarehe, si kwa ukubwa wa jina la gazeti. Chukua kifungu cha maneno ambacho si cha kawaida, kizungushie alama za kunukuu kwenye injini ya utafutaji, utafute kilipojitokeza mara ya kwanza. Ukurasa ukiwa umefutwa, nenda Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001 na shirika la Internet Archive. Huko fungua ukurasa wa "Kuhusu sisi" wa kampuni hiyo mwaka baada ya mwaka. Ni burudani ya aina yake. Utaona waanzilishi watatu wakipungua kuwa wawili, kisha mmoja. Utaona mradi wa wanafunzi ukigeuka kampuni, na kampuni ikigeuka "ya kwanza ya aina yake". Kila badiliko ni swali la kuuliza.

Uangalie pia kama gazeti halikuchota kwenye kamusi elezo ile ile unayoiandikia. Februari 2009, Karl-Theodor zu Guttenberg alipoteuliwa kuwa waziri wa uchumi wa Ujerumani, mtu asiyejulikana aliingia katika makala yake kwenye Wikipedia ya Kijerumani akamwongezea jina "Wilhelm" katikati ya msururu wa majina aliyokuwa nayo. Vyombo vya habari vikalichapa, gazeti la Bild likiwamo. Kisha jina lilipotiliwa shaka ndani ya Wikipedia, habari hizo hizo zikaletwa kuwa ushahidi. Ulinganishe basi tarehe ya gazeti na historia ya ukurasa. Ikiwa dai liliingia kwenye makala kabla ya gazeti kuandika, gazeti hilo haliwezi kulithibitisha.

Tuje kwenye madai yako manne. Si sawa kwa uzito, kwa hiyo usitegemee niyape nafasi sawa.

La kuasisi kampuni ndilo gumu, kwa sababu hakuna ofisi duniani inayotoa cheti cha uasisi. Cheti cha usajili kitakupa tarehe ambayo kampuni ilizaliwa kisheria na majina ya wakurugenzi wa kwanza, basi. Hata tarehe hiyo ina vituko vyake: Google ilisajiliwa Septemba 4, 1998, lakini yenyewe husherehekea siku ya kuzaliwa Septemba 27. Na Agosti ya mwaka huo mwekezaji Andy Bechtolsheim alikuwa amekwisha kuwaandikia waanzilishi wake, Larry Page na Sergey Brin, hundi ya dola 100,000 kwa jina la kampuni ambayo ilikuwa haijakuwapo. Ukiniuliza Google ilianza lini, nitakuuliza unataka jibu la nani.

Kuhusu nani aitwe mwanzilishi, watu wamefikishana mahakamani. Tesla ilisajiliwa Julai 2003 na Martin Eberhard na Marc Tarpenning. Elon Musk aliingia Februari 2004 akiongoza duru ya kwanza kubwa ya uwekezaji na akawa mwenyekiti wa bodi. Mwaka 2009 Eberhard alimshtaki, na katika makubaliano yaliyomaliza kesi ikakubalika kwamba watu watano wana haki ya kujiita waanzilishi wenza: hao watatu, pamoja na JB Straubel na Ian Wright. Mwandishi makini hasemi tu "Musk aliasisi Tesla", na wala hasemi "Musk hakuiasisi Tesla". Anaeleza nani alisajili, nani alikuja lini na fedha, na makubaliano yalisemaje. Sentensi tatu badala ya moja, lakini hakuna atakayekurudishia. Kwa Apple vivyo hivyo: Aprili 1, 1976 walikuwa watatu, Steve Jobs, Steve Wozniak na Ronald Wayne. Wayne alijitoa baada ya siku 12 na kulipwa dola 800 kwa asilimia kumi yake. Wasifu unaotaja waanzilishi wawili tu umemfuta mtu ambaye saini yake ilikuwa kwenye mkataba.

Kwa huyo mjasiriamali wako, tafuta rekodi za msajili wa makampuni wa nchi ilikosajiliwa kampuni. Uingereza rekodi za Companies House husomwa bure mtandaoni. Marekani kampuni zinazouza hisa kwa umma huweka nyaraka zao katika EDGAR, mfumo wa tume ya dhamana ya nchi hiyo, yaani tume inayosimamia masoko ya hisa, nao pia ni bure. Humo utakuta waraka uitwao S-1, ambao kampuni huuwasilisha kabla ya kuuza hisa kwa mara ya kwanza, na ndani yake mna historia ya kampuni iliyopitiwa na mawakili. Mawakili huondoa vivumishi vingi. Linganisha maelezo ya S-1 na ya ukurasa wa "Kuhusu sisi", utacheka peke yako.

Lakini muhuri usikulevye. Companies House kwa miaka mingi ilipokea ilichoandikiwa bila kukihakiki, mpaka sheria ya mwaka 2023 ilipompa msajili nguvu ya kuhoji na kukataa taarifa. Na hapa naingia kwenye shahada. Mwaka 2012 Yahoo ilikuwa na mkurugenzi mkuu aitwaye Scott Thompson. Wasifu wake, hadi kwenye nyaraka zilizowasilishwa kwa tume ya dhamana, ulisema ana shahada ya uhasibu na sayansi ya kompyuta kutoka chuo cha Stonehill. Wawekezaji wa mfuko wa Third Point waliokuwa wakigombana na bodi walifanya jambo ambalo yeyote angeweza kulifanya: waliuliza chuo. Thompson alihitimu mwaka 1979 katika uhasibu peke yake. Stonehill haikuanza kutoa shahada ya sayansi ya kompyuta hadi mwaka 1983. Kabla Mei haijaisha alikuwa ameondoka kazini.

Unaona walivyofanya? Hawakutafuta gazeti la ishirini na moja. Walimtafuta anayetoa shahada. Nawe andikia ofisi ya msajili wa chuo. Vyuo vingi hukubali kuthibitisha kama mtu alihitimu, mwaka gani na fani gani, hata kama hawatoi alama. Na kama chuo kinakataa, angalia jambo lililo wazi kwa wote: je, kozi hiyo ilikuwapo mwaka huo? Kuwa mwangalifu pia na "alisoma chuo fulani". Bill Gates alisoma Harvard, na ana shahada ya Harvard, lakini aliacha masomo kabla ya kuhitimu na shahada hiyo ni ya heshima aliyotunukiwa mwaka 2007. Maneno yote mawili ni kweli, na ukiyaunganisha vibaya yanazaa uongo.

Hataza ni rahisi, ukijua pa kutazama. Tafuta jina lake katika Espacenet, hifadhi ya ofisi ya hataza ya Ulaya, au Google Patents. Kwa hati za Marekani tazama herufi za mwisho za namba: A1 ni ombi lililochapishwa, B1 au B2 ni hataza iliyotolewa. Hati inayoanza na WO ni ombi la kimataifa kupitia WIPO, shirika la kimataifa la miliki bunifu, na WIPO haimpi mtu hataza. Kila nchi huamua yenyewe. Kisha tofautisha mvumbuzi na mwenye hataza, maana mara nyingi mwenye hataza ni kampuni. Nimelitafuta jina la mtu wako. Kumi na mbili zake ni maombi tisa na hataza tatu, na zote tatu ni mali ya kampuni. Mtu mwenye hataza tatu ni mtu wa kuheshimiwa. Sijui kwa nini hawaridhiki.

Utajiri uache. Mwaka 2015 Forbes ilikadiria mali ya Elizabeth Holmes, mwanzilishi wa Theranos, kampuni ya vipimo vya damu ya Marekani, kuwa dola bilioni 4.5, kwa kuwa alimiliki nusu ya kampuni iliyothaminiwa kwa dola bilioni 9. Juni 2016 ikashusha kadirio hilo hadi sifuri. Hakuna aliyemwibia, hesabu yenyewe ilikuwa imesimama juu ya bei waliyokubaliana wawekezaji. Ukilazimika kuandika namba, taja nani alikadiria na lini. Na usichanganye mtaji uliokusanywa, thamani ya kampuni na mapato ya mwaka. Ni vitu vitatu, na taarifa za kampuni hutaja kile kilicho kikubwa zaidi.

Jambo la mwisho kwako: rejea zako mbili ni za Forbes, lakini ukitazama chini ya jina la mwandishi utaona ameandikwa kuwa ni mchangiaji, si mwandishi wa jarida. Wachangiaji huchapisha bila usimamizi ule wanaoupata waandishi wa jarida, na wahariri wa Wikipedia kwa kawaida huzichukua makala hizo kama maandishi ya mtu binafsi. Nembo iliyo juu ya ukurasa ni ile ile, ndiyo maana watu hudanganyika.

Swali: Habari za kazi, mhariri. Mimi ni ofisa habari wa kampuni ya programu. Bosi wetu ana ukurasa Wikipedia wenye makosa, na ameniagiza niingie nirekebishe kimya kimya. Pia kuna mtu ametuandikia barua pepe akidai ni mhariri wa huko na kwamba kwa malipo atahakikisha ukurasa haufutwi. Tufanye nini?
*Ofisa niliye katikati*

Jibu: Salama, ndugu yangu. Mtu wa barua pepe msimlipe. Agosti 2015 Wikipedia ilifunga akaunti 381 za genge lililokuwa likifanya biashara hiyo hiyo: kuandika makala za watu na kampuni, kisha kuwadai fedha kwa ahadi ya kuzilinda. Hakuna mhariri mwenye uwezo wa kuuza ulinzi.

Kuhusu kimya kimya, kimya hicho hakipo. Kila badiliko huhifadhiwa na saa yake, na yeyote anaweza kulisoma. Mwaka 2005 ilibainika kwamba Jimmy Wales mwenyewe, mwanzilishi wa Wikipedia, alikuwa ameihariri makala yake, akiondoa maneno yaliyomtaja Larry Sanger kuwa mwanzilishi mwenza. Mwanablogu mmoja alifungua historia ya ukurasa, habari ikaenea, na Wales akasema hadharani kwamba anajuta. Ikiwa mwenye nyumba alionekana, wewe utajificha wapi?

Tangu Juni 2014 masharti ya matumizi yanamtaka anayelipwa kuhariri aseme analipwa na nani. Kwa hiyo fungua akaunti, jitambulishe kwamba ni mwajiriwa, nenda kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala hiyo, ueleze kosa moja moja na uweke chanzo kisichotoka kwenu. "Bosi amesema si kweli" si chanzo. "Gazeti fulani la tarehe fulani lilichapisha masahihisho" ni chanzo. Bosi akikuuliza kwa nini inachukua muda, mwonyeshe jibu hili.

Swali: Mama, katika kutafuta nimepata hati ya mashtaka dhidi ya mjasiriamali ninayemwandika. Ni hati halisi ya mahakama, ina muhuri. Hakuna gazeti lililoandika. Je, niiweke? Si ndiyo chanzo cha asili ulichotuhimiza tukitafute katika toleo lililopita?
*Mpekuzi*

Jibu: Usiiweke.

Nilihimiza kutafuta chanzo cha asili ili ujue ukweli, na mtu aliye hai ana haki zaidi ya hiyo. Hati ya mashtaka inathibitisha jambo moja tu: kwamba fulani amelalamika. Haithibitishi kwamba lililolalamikiwa lilitendeka. Na hata huyo mshtakiwa una hakika ni yeye, si mwenye jina kama lake? Miongozo ya Wikipedia kuhusu wasifu wa watu walio hai inakataza kutumia kumbukumbu za mahakama kutolea madai juu ya mtu, na nadhani katazo hilo ni la busara hata kwa asiyeandika Wikipedia. Kama jambo ni zito, subiri mwandishi wa habari mwenye uwezo wa kuuliza pande zote alichapishe. Kama halichapishwi, jiulize kwa nini.

Miongozo hiyo haikutoka hewani. Mei 2005 mtu asiyejitaja aliandika katika makala ya John Seigenthaler, mwandishi mkongwe wa Marekani, kwamba aliwahi kudhaniwa kuhusika katika mauaji ya John na Robert Kennedy. Seigenthaler alikuwa amefanya kazi na Robert Kennedy na walikuwa marafiki. Uongo ule ulikaa miezi kama minne kabla ya kuondolewa, na tovuti nyingine zikaunakili. Novemba mwenyewe akaandika kuuhusu katika gazeti la USA Today. Masharti yakaanza kukazwa baada ya hapo.

Na siku hukumu ikija, isome yote. Elizabeth Holmes niliyemtaja hapo juu alisomewa Januari 2022 uamuzi wa baraza la raia wanaoamua kesi (jury). Watu wengi huandika kwamba alitiwa hatiani kwa kuwadanganya wagonjwa. Sivyo. Alitiwa hatiani kwa mashtaka manne yaliyohusu kuwalaghai wawekezaji; katika yaliyohusu wagonjwa baraza lilimwona hana hatia, na kwa mengine matatu ya wawekezaji wajumbe walishindwa kukubaliana. Sentensi ya mkato inaweza kumzulia hata mtu aliyekwisha kuhukumiwa.

Swali: Nilitumia programu ya akili bandia kunisaidia kutafuta rejea. Imenipa makala nane zenye kichwa, mwandishi, gazeti na tarehe. Sizipati popote. Labda zimefutwa?
*Msomaji*

Jibu: Labda hazikuwahi kuandikwa. Programu hizo hutunga rejea zenye sura ya kweli kabisa. Juni 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili waliowasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Kama rejea ina namba ya DOI, yaani utambulisho wa kudumu wa makala mtandaoni, ipeleke doi.org uone inafungua nini. Kama ni kitabu, tafuta ISBN yake, namba ya utambulisho wa kitabu, katika orodha ya maktaba. Kama ni gazeti, tafuta toleo la siku hiyo. Lolote usilolifungua na kulisoma mwenyewe, lifute, hata kama unaamini lipo.

Swali: Shikamoo. Mjasiriamali niliyemwandika amenipigia simu akilalamika kwamba mwaka wa kuzaliwa tuliouweka si sahihi. Tuliupata kwenye gazeti la Machi 2015 lililosema ana miaka 30, tukatoa, tukaandika 1985. Amejitolea kunitumia picha ya kitambulisho.
*Mwandishi mwenye simu*

Jibu: Marahaba. Umri mmoja karibu siku zote hutoa miaka miwili. Aliyekuwa na miaka 30 mwezi Machi 2015 huenda alizaliwa 1984 au 1985, inategemea kama siku yake ilikuwa imepita. Tafuta mahojiano mengine ya mwaka huo huo. Kama Novemba 2015 alikuwa bado ana 30, basi alizaliwa kati ya Novemba 1984 na Machi 1985, na umeshakibana kipindi kwa kiasi kikubwa. Ukishindwa kufika mbali zaidi, andika "1984 au 1985". Hakuna aibu katika neno "au".

Kwa jambo lisilo na ubishi kama hili, neno lake mwenyewe linatosha, mradi alitoe mahali ambapo msomaji yeyote anaweza kulisoma. Mwombe aandike mwaka, si lazima siku na mwezi, kwenye tovuti yake au ukurasa wake wa umma, nawe uuwekee rejea. Picha ya kitambulisho mwambie asiitume. Huwezi kuitolea rejea, msomaji hawezi kuiona, na ikishaingia kwenye simu yako, usalama wake unakuwa juu yako.